Tufumbe Macho

Naanza na kanisa kwa sababu ndiko nilikoaibishwa. Ilikuwa Jumapili ya kawaida tu hapa Kenyamonta, jua limeshapanda, mabati yanalialia juu ya vichwa vyetu. Mwongozaji akasema tusimame, tufumbe macho, tuombe. Nikasimama. Nikafumba. Hajamaliza hata kumtaja Mungu, nikasikia benchi la mbele limenigonga kifuani. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, khanga imepanda magotini, wanawake wawili wamenishika makwapa wananivuta juu.

Sikuzimia. Naomba hilo lieleweke kabla ya lingine lolote. Kichwa changu kilikuwa kizima, sikusikia kizunguzungu, na asubuhi nilikuwa nimekunywa uji wangu wa mtama na kikombe kikaisha. Nilianguka tu, kama gunia lililoegeshwa vibaya.

Wakati najipukuta vumbi nikasikia mtu nyuma yangu anasema kwa sauti ya chini, kwa Kikurya, lugha niliyoinyonya kwa mama yangu kule upande wa Tarime, kwamba nimekunywa. Mimi! Mimi ambaye pombe naijua kwa harufu tu, harufu ya wanaume wanaorudi nayo nyumbani. Nikageuka nimtafute aliyesema, na nilipogeuka nikayumba tena, nikashika bega la mtu. Sasa hapo ukimwambia nani kwamba hujanywa, atakuamini?

Mama wa maombi ndiye aliyenitetea, au nilidhani ananitetea. Ni jirani yangu, tumepandiana mahindi na kuvuniana miaka yote, ana sauti kubwa na kanisani kila mtu anamsikiliza. Alisema, "Huyu mama hanywi, acheni dhambi ya kusingizia." Nikashusha pumzi. Kisha akaendelea: "Lakini mmeona ameangushwa saa ngapi? Ametembea mwenyewe toka kwake, hakuanguka. Ameimba, hakuanguka. Tulipofumba macho tu kuomba, akaangushwa. Kilichomo ndani yake hakitaki maombi."

Kanisa lote likasema mmh. Ile mmh ninaisikia mpaka leo.

Nieleze mgongo wangu, maana hakuna aliyewahi kuniacha niueleze mpaka mwisho. Ulianza miaka mingi iliyopita, wakati wa palizi, siku niliyoinama asubuhi na jioni ikanikuta bado nimeinama kwa sababu kunyooka kumegoma. Maumivu yalitoka kiunoni, yakapita kwenye tako la kushoto, yakateremka nyuma ya paja mpaka kisiginoni, na yakifika huko yanawaka kama nimekanyaga kaa la moto. Nilijifunga khanga kiunoni kwa nguvu, nikaendelea kulima. Nilijipaka dawa ya kuchua aliyoniletea binti yangu kutoka Sirari, mpakani, ile ya Kenya, inayochoma ngozi mpaka unasahau maumivu mengine. Nikimwambia mtu, jibu lilikuwa moja: mwanamke gani hapa hana mgongo? Wanasema hivyo huku wanacheka! Yaani ugonjwa ukishakuwa wa wanawake wote basi umeshakuwa si ugonjwa. Ukiumwa meno wanakuonea huruma. Ukiumwa mgongo wanakutwisha ndoo.

Kisha maumivu yakapungua, ganzi ikaingia. Nikafurahi, mjinga mimi, nikadhani napona. Siku moja nilikuwa natoka kisimani, mume wangu akanikuta njiani na ndala moja mkononi. Akaniuliza, "Hii si yako?" Nikamwambia yangu ninayo mguuni. Akaniambia niangalie. Nikaangalia. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, umejaa matope, na kidole kinatoka damu. Nilikuwa nimetembea umbali ule wote bila ndala na mguu haukuniambia kitu.

Tena kuna bafuni. Bafu letu ni la mabati, nyuma ya nyumba. Nilipaka sabuni usoni, nikafumba macho ili isiniingie, na bati likanipokea kwa kishindo mpaka kuku wakatawanyika. Mume wangu akapiga kelele kutoka zizini, "Unabomoa nini huko?" Nikamjibu kwamba nimeteleza. Kumbe nilikuwa sijateleza. Lakini ningemwambia nini? Kwamba dunia imeniinamia? Nikaanza kuoga nimeegemea bati, na kunawa uso jicho moja moja. Watu wa nyumbani wakazoea, nami nikazoea, maana hapa kwetu tunazoea haraka mno.

Sasa, kama isingekuwa harusi ningenyamaza. Wangesema pombe, wangesema pepo, ningesonya na kwenda shambani. Lakini binti yangu wa mwisho alikuwa anaolewa. Anafanya kazi kule Sirari, kwenye ofisi ya wakala wa forodha, na mchumba wake alimpata hukohuko, kijana mpole ambaye anawaamkia shikamoo hata watu wa rika lake kwa woga. Ng'ombe walishahamia zizi letu. Mume wangu haendi kanisani, yeye na mila zao, lakini aliwatazama ng'ombe wale akasema kanisa lina haki ya kufanya sherehe yake.

Na katika kanisa letu kuna desturi. Sijui ya kwenu. Kabla mchungaji hajawafungisha, bwana na bibi harusi wanapiga magoti, na mama mzazi wa bibi harusi anasimama mbele ya wote, anamwekea binti yake mkono kichwani, anamwombea kwa sauti. Si mchungaji, si baba. Ni mama. Mimi mama yangu aliniwekea. Mkono wake ulikuwa mgumu kwa jembe, ulikwaruza nywele zangu, na uzito wake ninaujua mpaka leo. Kuna siku za ndoa yangu ambazo kilichonizuia kufunga mizigo na kurudi Tarime ni mkono ule tu. Nilitaka na binti yangu awe nao. Sikuwa nataka kingine kikubwa katika harusi ile, si suti, si keki.

Wazee wa kanisa wakaniita. Wakaniambia kwa upole, na ule upole ndio uliniudhi zaidi, kwamba mtu mwenye kitu kisichoeleweka ndani yake hawezi kumwekea mwingine mkono. Kitahamia kwa binti. Je, nataka kimhamie binti? Inabidi kwanza nifunguliwe.

Niambie, ungefanyaje? Nilikubali. Nilikubali kwa ajili ya mkono ule.

Wakanisimamisha katikati ya kanisa, wakanizunguka. Mama wa maombi akaniambia, "Unganisha miguu, inua mikono, fumba macho." Ukitafuta namna ya kumwangusha mtu mwenye hali yangu, huwezi kupata nyingine bora. Nikafumba. Nikaanguka. Wakashangilia! "Limetoka!" Vigelegele! Mimi nipo chini, nyonga inauma, wao wanapiga makofi na kuimba. Wakaniinua, wakasema tuhakikishe. Fumba macho tena. Nikaanguka tena. Mmoja akasema, "Basi ni wengi."

Wengi! Mgongo wangu huuhuu mmoja umekuwa nyumba ya kupanga.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba kesho tunakwenda Mugumu, hospitalini, na kama hana nafasi nitakwenda peke yangu nikijishikilia kwenye miti. Yeye ni mtu wa maneno machache. Alinitazama nyonga iliyovimba, akatazama ng'ombe, akasema, "Twende."

Tulikaa foleni mpaka nikachagua kusimama, nikachoka kusimama nikakaa. Aliyetupokea alikuwa daktari kijana aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Anaongea Kiswahili kile cha kubembeleza, pole mama, karibu mama, samahani mama, mpaka mume wangu akanikonyeza. Sisi tumezoea mtu akuulize unaumwa nini kama anakugombeza. Lakini yule kijana alifanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya: aliniacha nizungumze nikamaliza. Nilimweleza toka palizi, nikamweleza ndala, nikamweleza bafu. Kanisa sikulitaja. Niliona aibu.

Akanilaza. Akanigonga magotini na kisiginoni kwa nyundo ndogo ya mpira. Kisha akaniuliza, "Unasikia, mama?" Nikamuuliza nisikie nini. Akasema, "Nimekugusa unyayo kwa pamba." Akaniambia nitazame pembeni, akashika kidole gumba cha mguu wangu, akakisogeza. "Nimekipeleka juu au chini?" Nikamwambia juu. Akasema chini. Akarudia, nikasema chini, akasema juu. Kidole changu mwenyewe! Kidole nilichozaliwa nacho, na mtu wa Tanga anajua kilipo kuliko mimi. Machozi yalinitoka, si ya maumivu.

Kisha akasema, "Sasa simama, mama. Unganisha miguu. Fumba macho."

Jamani. Damu ilinichemka. Nikamwambia, "Mwanangu, kama na wewe unataka kunitoa mapepo sema mapema, nirudi kwangu." Yule kijana akaduwaa. Mume wangu akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi, na ndipo ikabidi nieleze mambo ya kanisani. Daktari hakucheka. Alisogea, akanyoosha mikono yake pande zote mbili za mabega yangu bila kunigusa, akasema, "Fumba tu. Ukianguka, utaniangukia mimi."

Nikafumba. Nikaanza kwenda upande. Akanidaka.

Hiyo ndiyo tofauti, na hiyo ndiyo inayonitia hasira mpaka leo. Maneno ni yaleyale: unganisha miguu, fumba macho. Mmoja aliyasema akiwa amenyoosha mikono. Wengine waliyasema wakarudi nyuma kupisha nianguke.

Akanieleza taratibu. Alisema mtu akisimama, mwili unajua umesimamaje kwa njia tatu: kwa macho, kwa kitu kilicho ndani ya masikio, na kwa habari zinazotoka miguuni. Habari za miguuni zinapita kwenye mishipa ya fahamu, inayopanda na miguu mpaka kiunoni na kuingia kwenye uti wa mgongo. Yangu imebanwa pale kiunoni, miaka mingi. Zamani ilikuwa inalalamika, ndiyo yale maumivu ya kisiginoni. Sasa imechoka, haipeleki vizuri habari za unyayo, na ndiyo maana sijui ndala imenitoka. Nimekuwa nasimama kwa macho bila kujua. Ninapoyafumba, nabaki bila wa kuniambia niko wapi. "Gizani je?" akauliza. Nikamwambia gizani siendi popote bila kushika ukuta. Akatikisa kichwa, ameelewa.

Alinipa dawa, akanionyesha mazoezi ya kulala chali na kuinua kiuno, akasema nitembee na fimbo, nioge nimekaa, nisibebe ndoo kichwani. Picha ya kuonyesha mishipa yenyewe inapigwa Mwanza, akasema tutaipangia. Na akanionya kwamba siku nikishindwa kuzuia mkojo, au nikihisi ganzi katikati ya mapaja, nisingoje kesho, nije hapohapo. Hakuniahidi kwamba nitapona kabisa. Aliniambia huenda nikaimarika. Nilimshukuru kwa kutonidanganya.

Njiani kurudi mume wangu alisema, "Ng'ombe akiumia mgongo, miguu ya nyuma haijui inakanyaga wapi. Kila mfugaji anajua." Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia. Akasema, "Wewe si ng'ombe." Nikanuna mpaka nyumbani.

Nikawaendea wazee wa kanisa na fimbo yangu mpya. Nikawaeleza kama nilivyoelezwa, kidole, pamba, mishipa, yote. Walisikiliza. Mama wa maombi akasema, "Daktari anatibu mwili, dada. Hili ni la rohoni. Na hiyo fimbo, huoni kwamba limekuzidi nguvu?" Nikamuuliza, "Hivi pepo atoke alikotoka kote, aje akae kwenye pingili za mgongo wa mwanamke aliyelima maisha yake yote? Anatafuta nini humo?" Wakaniambia nisikufuru. Mchungaji, ambaye hapendi ugomvi wa aina yoyote, akatoa suluhu yake: shangazi wa binti ataweka mkono badala yangu. Mimi nitapewa kiti kizuri mbele.

Kiti kizuri! Nimzae, nimnyonyeshe, nimlimie mpaka mgongo unavunjika, na ada ya shule yake imetoka kwenye mgongo huohuo, halafu mgongo huo ndio uwe sababu ya kunikalisha. Nilitamani kuwatupia fimbo. Binti yangu nilipomsimulia kwenye simu alisema kwa Kiswahili chake cha mpakani, "Mama, hao wachana nao. Wewe kuja tu." Nikamwambia nitakuja, nimealikwa kiti.

Siku ya harusi nilivaa kitenge cha kijani na viatu vya kufunga kisiginoni, ambavyo haviwezi kunitoka bila taarifa. Nilikaa kwenye kiti kizuri. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Wakaja, wakapiga magoti, binti yangu na yule kijana mpole, na mchungaji akamwita shangazi mtu. Wifi yangu ni mwanamke mwenye haya. Alisimama, akapiga hatua moja, akanitazama, akasita.

Nikasimama mimi.

Hakuna aliyenikaribisha. Nilikwenda na fimbo yangu, naangalia sakafu ninapokanyaga, kwa sababu macho yangu ndiyo miguu yangu. Nikasikia mama wa maombi anasema "dada, dada," sikugeuka, maana nikigeuka nayumba. Nikafika mbele ya binti yangu, nikapanua miguu kama anayetaka kunyanyua gunia, nikakita fimbo kwa mkono wa kushoto, na wa kulia nikamwekea kichwani. Nitasema kweli, haukuwa wa baraka tu. Nilikuwa nimemshikilia. Naye alijua, kwa sababu nilisikia anakaza shingo chini ya kiganja changu ili nipate pa kujiegemeza.

Mchungaji akaangalia wazee. Wazee wakaangalia mama wa maombi. Yeye, sijui ni hasira au ni mazoea, akapaza sauti: "Basi tufumbe macho tuombe. Na wewe, mama, fumba macho."

Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Mimi nitaomba hivihivi. Mungu ananijua kwa uso." Nikaanza kuomba. Niliomba kwa Kiswahili, nilipofika mahali panapouma nikaingia Kikurya, nikarudi. Niliomba apate mume anayesikiliza mpaka mwisho. Niliomba akiumwa asiambiwe kwamba wote wanaumwa. Mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi mpaka gotini na fimbo inatetemeka, lakini nilikuwa nimesimama.

Na kwa kuwa nilikuwa nimefumbua macho, niliwaona. Mabenchi yote, mpaka waliosimama madirishani. Hakuna aliyefumba. Wazee walikuwa wamefumbua, mchungaji amefumbua, mama wa maombi aliyesema tufumbe ametoa macho makavu kunizidi mimi. Walikuwa wananingoja nianguke. Kanisa zima lilikuwa limeacha kuomba ili lisipitwe.

Mmoja tu mle ndani ndiye aliyefumba macho. Alikuwa amepiga magoti chini ya mkono wangu, na kama ningeanguka, ningemwangukia yeye.